Hesabu ya Bulla Garas

"Wanne," Sadiyo alisema.

Ramlo akaandika watoto wanne, ingawa wawili kati yao alikuwa amewaosha kwa mikono yake mwenyewe, mmoja Jumanne na mwingine Jumatano, mwezi wa Januari, wakati maji ya mvua ya El Nino yalikuwa yameizingira Bulla Garas na homa inapita nyumba kwa nyumba. Fomu ilitaka na majina, akayaandika, na ya hao wawili pia. Ugbad. Salah. Kisha akauliza swali la pili, kama watoto wamechanjwa.

"Wawili," Sadiyo akasema. "Hao wengine hawakuwahi."

Ramlo alikuwa mwosha maiti. Si kazi ya kujisifia, wala si ya kuionea haya. Akifa mwanamke au mtoto, anaitwa yeye, basi. Katika wiki sita za homa ile aliosha watoto thelathini na sita, wote chini ya miaka mitano. Wa thelathini na nne alikuwa Ikran, bintiye wa pekee, wa miaka minne, aliyempata baada ya kungoja miaka kumi. Alimwosha kama alivyowaosha wenzake, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, maji ya mwisho yakiwa na kafuri, akamvika sanda, akawakabidhi wanaume. Watu wakakaa pembeni yake wakingoja alie. Hakulia. Alasiri ileile aliitwa nyumba nyingine, akaenda.

Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miezi minane, na kilio hakijafika. Akiwekewa chakula anakula. Akisalimiwa anaitika. Bulle, mumewe, aliondoka na ngamia kuelekea malisho ya mbali, na alipoaga Ramlo alimfungia chai na sukari, akarudi ndani kufagia.

Kazi hii ya fomu aliipata kwa sababu aliwahi kusoma ngumbaru, na pale Bulla hapakuwa na mwanamke mwingine anayeshika kalamu. Bwana Kura ndiye aliyemchagua. Huyu alikuwa karani wa mipango wa kaunsili, Mborana wa upande wa Wajir, kwa hiyo na Wasomali wa Bulla alizungumza Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Alikuja na Landrova, akawakusanya watu kando ya uzio wa dugsi, ile madrasa ya Kurani, wanafunzi wakachungulia, akawaeleza kwamba kaunsili inatunga mpango wa miaka mitatu kwa ajili ya watoto. Katika mpango huo kuna zahanati moja tu. Itajengwa mahali penye watoto wasiopungua mia moja na hamsini walio chini ya miaka mitano. Kisha akasoma karatasi: kila mtoto ana haki ya kuishi, haki ya kutibiwa, haki ya kusoma, haki ya kusikilizwa.

"Mwambie arudie hiyo ya kwanza," alisema Shamis, muuza chai, mwanamke asiye na breki mdomoni.

Kura akairudia. Watu wakatazama chini.

Basi Ramlo akapita nyumba hadi nyumba siku tano. Na jamani, msije mkadhani wale akina mama walikuwa wanadanganya. Mwanamke wa pale ukimuuliza ana watoto wangapi, atakutajia aliowazaa. Mtoto mdogo akifa hajaacha kuwa wake. Ametangulia, anamngoja mamake mlangoni mwa Pepo. Ramlo alilijua hilo, na hata kama angetaka kubisha, hakuwa na nguvu ya kubisha. Akaandika walivyosema. Alipofika nyumbani kwake akajiuliza mwenyewe, akajijibu, akaandika: mmoja, Ikran Bulle, miaka minne.

Jumla ikawa mia moja na hamsini na tatu.

"Mashallah, mama Ramlo!" Kura alisema alipozipitia fomu. "Mmepita. Lakini wale wakubwa hawaamini karatasi. Alhamisi ijayo nitakuja kuhesabu vichwa. Nitaita jina, mtoto aitike."

"Vichwa?" Ramlo akauliza.

"Vichwa. Mimi ni ya kutumwa tu, mama."

Landrova ilipoondoka Ramlo alikwenda kibandani kwa Shamis, akakaa, akamweleza bila kupandisha wala kushusha sauti: walio hai ni mia moja na kumi na saba.

Shamis aliweka birika chini. Wanawake wengine wakaja, kibanda kikajaa. Kwa lugha yao walizungumza vizuri zaidi, na kwa ukali zaidi.

"Tumwambie ukweli," mmoja alisema. "Ataelewa."

"Ataelewa, atatupa pole, na zahanati ataipeleka kwingine," Shamis akamjibu. "Watoto wamekufa kwa kukosa zahanati. Sasa tukose zahanati kwa sababu wamekufa? Wallahi mimi sikubali! Hospitali ya Griftu ni mwendo wa siku nzima kwa punda, na mvua ikinyesha hata huyo punda hapiti. Mvua ijayo tutawapeleka wapi hawa waliobaki?"

Akalinyanyua tena birika, akawamiminia chai.

"Tuwaazime," Shamis akasema.

"Tuazime nini?"

"Watoto! Kila mtu hapa ana ndugu kambini malishoni, kwenye ngamia. Waletwe kwa siku moja, waitike, wale wali, warudi. Lori la mbuzi litawabeba."

"Na majina?" Sadiyo aliuliza. "Majina yameshaandikwa, abaayo, dada yangu. Huyo atakayekuja kwangu ataitikia jina la nani?"

Sadiyo aliuelewa mwenyewe ule mpango kabla ya kujibiwa, akajifunika uso kwa ncha ya shashi yake ya kichwani. Shamis naye, na maneno yake yote, akashindwa kumtazama.

"Ramlo," alisema mwishowe, "wewe ndiye uliyewaosha. Ukisema haramu, tunaacha hapahapa."

Wote wakamgeukia. Ramlo alifikiri, au alijaribu kufikiri. Ndani ya kifua chake palikuwa kama chumba kilichohamwa. Akamwona mtoto wa jirani, wa miezi sita, amelala mgongoni kwa mamake, mdomo wazi, anapumua.

"Waleteni," akasema.

Jumatano lori likawashusha, thelathini na sita, wananuka moshi na maziwa ya ngamia, nywele nyekundu kwa vumbi. Wakagawanywa. Ebla, binamu yake Bulle, alimletea Ramlo kasichana kembamba kenye kigaga gotini.

"Huyu ni Dahabo wa dada yangu," Ebla alisema. "Anajua la kufanya. Nimemfundisha njia nzima."

"Unaitwa nani?" Ramlo akamuuliza mtoto.

"Dahabo," mtoto akasema, kisha akaziba mdomo. "Hapana! Ikran. Ikran Bulle."

Ramlo akamwingiza ndani kumwosha vumbi. Alichota maji kwa kata, na mikono yake, bila kumuuliza, ikaanza upande wa kulia: mkono, ubavu, mguu, taratibu, bila kusugua. Alipofika kwapani mtoto akaruka.

"Unanitekenya!"

Ramlo akasimama na kata mkononi, maji yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Kwa miaka yote ya kazi yake hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

"Simama vizuri," alisema, akamsugua kwa nguvu, kama anavyooshwa mtoto mtundu.

Alhamisi asubuhi Kura aliweka meza kando ya uzio wa dugsi. Akina mama wakakaa mchangani na watoto wao mbele. Ramlo alisimama nyuma ya bega la karani, kazi yake kuthibitisha. Kura anaita, mtoto anaitika, Ramlo anatikisa kichwa kukubali, kalamu inapiga alama.

"Ugbad."

"Niko!"

Ugbad alikuwa na alama ya kuungua kifundoni. Huyu hakuwa nayo. Ramlo akatikisa kichwa.

"Salah."

Mvulana aliyekaa mbele ya Sadiyo alikuwa anachimba mchanga. Sadiyo akamgusa.

"Wewe, jina lako nani?" Kura akauliza.

"Ayanle," mvulana akasema kwa fahari.

Kalamu ikasimama. Sadiyo alifumba macho. Shamis alianza kukohoa kikohozi kisicho na maana yoyote.

"Hiyo ni jina ya nyumbani," Ramlo akasema. "Sisi mtoto moja iko na jina mbili."

"Mbili?"

"Saa zingine tatu."

Kura aligeuka akamtazama Ramlo, kisha akatazama ule msururu wa watoto, miguu yao iliyopasuka kwa mwendo wa malishoni, mikufu ya shanga za kambini shingoni. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Na mimi nilizaliwa kwa kambi ya ngamia, mama," alisema polepole. "Hawa watoto yote ni ya hapa?"

"Yote ya hapa," Ramlo akajibu.

Akapiga alama. Akaendelea kuita, na majina yakaendelea kuitikwa, na kila lililoitikwa kwa sauti ngeni Ramlo alilijua uzito wake, kwa kuwa alishalibeba. Huyu alikuwa mwepesi kama kitambaa. Huyu aliachwa na shanga zake mpaka mwisho kwa sababu mamake hakutaka zivuliwe. Akatikisa kichwa, akatikisa kichwa, shingo ikamuuma.

"Ikran Bulle."

"Niko!" Kalipiga kelele kuliko wote, na kakasimama, jambo ambalo hakuna aliyekafundisha. Watu wakacheka kidogo.

Kura hakucheka. "Hii ni ya nani?"

Ramlo alikitazama kigaga kilicho gotini kwa mtoto.

"Yangu," akasema.

Kufikia adhuhuri zilikuwa alama mia moja na hamsini na tatu. Kura alijumlisha mara mbili, akatia saini, akamsogezea Ramlo kalamu naye atie yake. Zahanati imeingia kwenye mpango, alisema. Na mtu akimuuliza, amehesabu kwa macho yake. Hakuna aliyepiga kigelegele. Shamis alileta masinia ya wali, watoto wakala, wa hapa na wa kule mikono imechanganyika, na Landrova ikaondoka.

Kisha lori likawashwa. Akina mama waliwanyanyua watoto mmoja mmoja, wakawapitisha juu ya ubao wa nyuma. Sadiyo alimpandisha Ayanle, akaondoka haraka bila kugeuka.

"Dahabo!" Ebla aliita kutoka juu ya lori. "Dahabo we, njoo!"

Mtoto hakuitika. Alikuwa kando ya Ramlo, amekishika kidole chake, midomo ina wali. Kutwa nzima alikuwa ameonywa asiliitikie jina hilo. Akamvuta Ramlo ainame, akamnong'oneza sikioni:

"Nimeshamaliza kuwa Ikran?"

Ramlo akachutama. Akamfuta wali midomoni kwa ncha ya nguo yake.

"Bado kidogo," akasema.

Lori liliunguruma. Ebla aliita tena, "Dahabo!" na mtoto akasimama palepale akimtazama Ramlo usoni, akingoja kuambiwa.