Zizi la Mzee Bura na Jengo la Katesh

Marieta Bura hakuwa mwongo, na wanaosema hivyo wanamwonea. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Mdomo wake ulikuwa unaamka mapema kuliko yeye, na hata ile siku aliyosimama dukani kwa Mzee Yakubu pale Katesh, maneno aliyasikia wakati yameshatoka.

"Dhamana ipo, mzee. Baba yangu kule Endagikot, Mbulu, ana zizi limejaa."

Mzee Yakubu aliweka chini kikombe chake cha kahawa. "Limejaa?"

"Limejaa."

Huyu mzee ndiye mwenye jengo, lile la upande wa Jorodom ambalo ukuta wake bado una alama ya tope lililoporomoka kutoka mlimani mwaka ule. Marieta na mwenzake Hermani walipanga humo walipoanzisha kampuni yao ya kukausha na kusaga vitunguu saumu. Mbulu kuna vitunguu, Katesh kuna lami, wao wakakaa pale magari yanapopita. Kampuni ilikuwa na mwaka na nusu na ilikuwa inatambaa vizuri, ingawa ilinuka. Noti zao zilinuka. Hermani mwenyewe alinuka hata Jumapili kanisani, na bado akashangaa kwa nini wasichana wanakaa benchi la mbele.

Sasa Mzee Yakubu alikuwa anauza. Magoti yalimsumbua, alitaka kupunguza mizigo na kurudi Kondoa kwa ndugu zake. Mnunuzi alishapatikana, mfanyabiashara wa Babati mwenye pesa mkononi, naye alitaka jengo tupu alifanye ghala la saruji. Lakini mzee ni mtu wa haki. Aliwaambia wapangaji wake kwanza, akawapa hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Kuhama kwao hakukuwa kubeba virago tu. Mashine ilifungwa kwa zege sakafuni. Nembo ya ubora waliipata baada ya wakaguzi kulipima jengo hilohilo, kuanzia vigae hadi madirisha. Wakitoka, wanaanza upya, na kampuni changa ikiambiwa ianze upya kwa kawaida inakufa. Marieta alilijua hilo, na usingizi ulishaanza kumkimbia.

Benki walienda. Kijana wa mikopo aliwapokea vizuri, akafungua dirisha kidogo kwa sababu ya harufu, akawaeleza ukweli: kampuni lazima ifikishe miaka mitatu, na hesabu zake ziwe zimekaguliwa. "Yenu bado ni mtoto," alisema. "Akikua, mleteni."

Ndiyo maana Marieta alikuwa amesimama dukani, kumwomba mzee awauzie kwa kulipa kidogo kidogo mpaka huyo mtoto akue. Mzee akauliza swali ambalo mfanyabiashara yeyote angeuliza: mkishindwa, mimi nitashika nini? Mdomo ukatangulia.

"Kesho nina safari ya Mbulu," Mzee Yakubu alisema. "Tutapita tukalione hilo zizi."

Ili tumtendee haki, kweli Marieta alijua zizi limejaa. Alichokuwa hajui ni ng'ombe wale ni wa nani. Kwao, kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi ni utovu wa adabu, hata kama mtu huyo ni baba yako mzazi. Wachache wa kuachiwa, yaani wa watu wengine waliowekwa kwake awatunze, aliwafahamu, kila nyumba inao. Waliobaki, alidhani ni wa nyumbani.

Walifika jioni, ng'ombe wakiwa njiani kurudi. Marieta aliinama, "Shikamoo, baba," akaitikiwa marahaba. Mama yake, Kornelia, alileta chai ya maziwa, kisha akaleta jogoo na kisu, akampa mgeni achinje mwenyewe ili ale kwa amani. Mzee Yakubu alifurahi sana. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno, na Marieta alianza kujipongeza moyoni.

Ng'ombe wakaingia zizini mmoja mmoja mpaka pakawa hapana pa kukanyaga.

"Mashallah," alisema Mzee Yakubu, na kwa kuwa yeye ni mtu wa duka na hakujua miiko ya watu wa huku, akauliza waziwazi. "Hawa wote ni wako, mzee mwenzangu?"

Mzee Bura alimtazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya nguo yake ya ndani. Lakini mgeni ni mgeni. Akaanza kuonyesha kwa fimbo.

"Yule mwenye pembe moja ni wa Tadei. Yuko kwangu. Yule mweusi na ndama wake ni wa Akonaay. Wako kwangu. Wale watatu wa madoa ni wa yule mama mjane, Scolastica. Wako kwangu."

Fimbo ilizunguka zizi zima. Kila iliposimama, Marieta alisikia jina la mtu mwingine, na kila jina lilimpunguza kimo. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chake sasa kilitamani kuingia chini ya mbolea.

"Na wako?" aliuliza Mzee Yakubu.

"Wangu ni yule." Alikuwa ng'ombe mzee aliyelala pembeni akicheua, asiyejali kuuzwa wala kununuliwa. "Wengine wawili wako Hirbadaw, kwa Gidamis."

Kornelia akaenda kuangalia jogoo wake.

"Na hawa watu mliandikishana?" Mzee Yakubu aliuliza tena.

"Tuandikishane nini? Ng'ombe anajulikana. Maziwa nakunywa mimi, mbolea yangu, ndama wa mwenyewe. Nikimtunza vizuri miaka mingi, mwenyewe ananipa mtamba mmoja. Akifa, nampelekea ngozi aone kwa macho yake. Ugonjwa ukija, haumalizi ng'ombe wote wa mtu mahali pamoja."

Aibu ina kazi yake. Ilimkaba Marieta mpaka akaona hana tena cha kupoteza, na kwa mara ya kwanza wiki ile alifikiri kabla ya kusema.

"Mzee Yakubu, nilikudanganya bila kujua. Baba hana mali ya kushika. Lakini nakuomba utuachie jengo kama hawa walivyoachiwa baba. Sisi tukamue kwa kazi yetu, wewe kila mwezi upate ndama wako, ndiyo malipo yako, kwa bei moja tutakayokubaliana leo, isiyopanda. Na kwa kuwa jengo halizai mtamba wa kutupa, mwishoni utatupa lenyewe. Kampuni ikifikisha miaka mitatu, benki watatumalizia kilichobaki."

Mzee Yakubu aliangalia zizi muda mrefu. Riba hakuitaka maishani mwake, na hapa hapakuwa na riba. "Na jengo likianguka," alisema taratibu, "utaniletea ngozi?"

"Nitakuletea mabati, mzee."

Alicheka mpaka akashika magoti yake. Lakini mfanyabiashara hacheki akasahau. "Yule wa Babati anakuja Ijumaa na pesa yake," alisema. "Nami nitajibu Ijumaa."

Jumatano upepo ulishuka kutoka Mlima Hanang na kung'oa bati moja juu ya mashine. Lilizunguka uwanjani, likajikunja kwenye mti wa jirani. Hermani alisimama chini ya tundu akitazama mbingu, na uso wake ukachangamka.

"Dada, Mungu ametukumbuka. Tuliache hivihivi. Yule wa Babati anataka ghala la saruji. Akiona paa liko wazi na mvua inakuja, atakimbia mwenyewe. Sisi hatujamdanganya mtu."

Sitasema Marieta hakushawishika. Alishawishika sana, akakaa juu ya gunia la vitunguu akilitazama lile tundu. Lilikuwa tundu zuri, tena la bure. Kisha akamkumbuka baba yake na fimbo yake, jina moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja.

"Lete ngazi," alisema. "Na ukanunue bati."

"Kwa pesa ipi? Jengo si letu."

"Ndiyo maana."

Hermani alinung'unika siku nzima, na misumari alipigilia vizuri kuliko fundi.

Ijumaa, baada ya swala, mnunuzi wa Babati alikuwa ameketi dukani kwa Mzee Yakubu na mkoba wake mapajani. Marieta aliingia na lile bati lililokunjamana kichwani, akiwa amevuka nalo mji mzima huku watu wakimwuliza kama amepata kazi ya vyuma chakavu. Aliliweka sakafuni.

"Nini hiki?" aliuliza Mzee Yakubu.

"Ngozi, mzee. Upepo wa juzi. Paa tumeshaezeka, bati ni jipya."

"Mimi nilikuwa sijasikia habari hii."

"Ndiyo maana nimeileta."

Mzee Yakubu aliligeuza bati kwa ncha ya kiatu, upande huu na upande ule. Mnunuzi aliangalia bati, akamwangalia binti, akaangalia mkoba wake.

"Ndugu yangu, utanisamehe," Mzee Yakubu alimwambia. "Jengo nimeshawaachia hawa."

Marieta alitaka kushukuru, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe mdomo wake ukachelewa. Machozi ndiyo yaliyotangulia. Mzee Yakubu akajifanya anatafuta miwani.

Waliandikishana hata hivyo, mbele ya wakili. "Baba yako haandiki, namheshimu," mzee alisema. "Mimi naandika." Bei moja, isiyopanda, na hati ikabaki kwake hadi shilingi ya mwisho.

Wiki iliyofuata Mzee Bura alikuja Katesh kuliona. Alilizunguka jengo polepole, akagonga kuta kwa fimbo, akainama kuangalia msingi jinsi anavyoangalia kwato, akapiga chafya mara kadhaa kwa sababu ya vitunguu. Mteja mmoja kutoka Singida, aliyekuwa anapakia katoni, alisimama kupumzika akatazama juu.

"Jengo zuri," alisema. "Ni lenu?"

Hermani alifungua mdomo, lakini Marieta alimwahi. Sauti yake ilitoka kubwa, tena ya maringo.

"La Mzee Yakubu," alisema. "Liko kwetu."

Nyuma ya ukuta, ile fimbo ikaacha kugonga.