Mlinzi Asiyekohoa

Kaka yetu mkubwa, ambaye ukoo mzima tunamwita Meneja, alinipigia simu Jumanne nikiwa kazini kwa dobi, mikono imejaa povu.

"Kompyuta ya Baba imeumwa tena," alisema bila salamu. "Nimeitengeneza kwa mara ya pili. Ikiumwa ya tatu, naichukua, nairudisha ofisini kwangu ilikotoka. Si wewe unayesoma kompyuta jioni? Basi mtafutie ulinzi, kitu rahisi. Jumamosi nakuja kukagua."

Akakata.

Baba yangu alikuwa fundi mwashi. Saruji imemkakamaza vidole, kalamu haikai tena mkononi, lakini vitufe anaweza kuvibonyeza, kimoja kimoja, kama mtu anayepima tofali. Kwa vidole hivyo anaandika kitabu cha ujenzi kwa ajili ya mafundi vijana. Alikuwa amefika ukurasa wa sitini na moja, sura ya nyufa. Kompyuta ikiondoka, kitabu kimekufa, na mimi nilijua nini kingefuata: angekaa kibarazani na kunyamaza kama alivyonyamaza mwaka ule alioacha kazi.

Jumatano darasani nilimuuliza mwalimu wetu, kijana ambaye namzidi miaka ishirini. Aliniambia, "Mama, kompyuta ile ina ulinzi wake tayari, umekuja nayo. Kwa wazee unatosha. Ubaya ni kuongeza mwingine juu yake. Chagua ule usiouliza maswali." Nikaandika kwenye daftari na kupigia mstari.

Alhamisi nilikwenda kwa wazazi; Mama akaniletea chai, akasema kompyuta yeye haijui. Nilisali kwanza, maana mimi kipanya bado kinanitoroka, kisha nikafungua. Nilikuta programu tatu za ulinzi zimejazana mle ndani, kila moja inaishuku nyingine, na kompyuta inakwenda kama mgonjwa anayepanda ngazi.

"Baba, hizi amezitia nani?"

"Zilikuja zenyewe. Zilibisha hodi."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Ningefanyaje? Mtu anakuja mlangoni anakwambia nyumba yako ina hatari, nataka kukusaidia. Utamjibu hapana? Nilibonyeza ndiyo. Ni adabu tu, mwanangu."

"Baba, si watu wale!"

"Wanaandika kama watu."

Nilinakili kitabu chake kwenye flashi, nikaziondoa zote tatu, moja baada ya nyingine. Moja ilinibembeleza mara nne nisiifute, hata ikaweka picha ya uso unaolia. Nikauacha ule ulinzi wa kompyuta yenyewe peke yake. Nikamweleza Baba pole pole: huu upo, unafanya kazi, haupigi kelele. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote. Nilirudi nyumbani nikimshukuru Mungu. Nilishukuru mapema.

Ijumaa nilipita kuhakikisha. Hata sijavua viatu, nikasikia king'ora. Kioo chote kilikuwa chekundu, maandishi yanawaka na kuzima: VIRUSI 318 VIMEPATIKANA. Baba alikuwa amekaa mbele yake, ametulia, ameridhika kabisa.

"Sasa huyu ndiye mlinzi," akasema. "Sikiliza anavyofanya kazi."

"Baba! Huyu ndiye mwizi!"

"Yule wako alikuwa kimya tangu jana. Nimelala kwenye majengo miaka arobaini, mwanangu. Mlinzi asiyekohoa amelala."

Nilihangaika na kile kidude saa mbili nzima. Kila nikikifunga kinazuka kwingine, kama mende. Kilipotoka hatimaye, shati limenigandia mgongoni, nikasema neno ambalo mtoto hamwambii baba yake. Nilisema, "Basi mwache Meneja aichukue, kama huwezi kusikia!"

Baba alisukuma kiti nyuma. Alinyanyuka na kwenda kukaa kibarazani.

Nilitoka nyuma, nikasimama katikati ya nguo zilizoanikwa, nikajaribu kusali, na maneno hayakuja. Nilichoweza kusema ni: Ee Mungu, nimechoka, na nimekosa. Mama akanikuta hapo, akaanza kuanua shuka kana kwamba mimi ni mti.

"Hiyo programu nyekundu iliingiaje?" akauliza.

"Baba aliiruhusu."

"Kwani ruhusa anayo kila mtu?"

"Unaweza kuweka neno la siri. Bila hilo hakiingii kitu. Lakini Mama, nikimpa yeye atalitoa kwa wa kwanza atakayebisha. Na mimi nakaa mbali."

Mama akakunja shuka, pembe kwa pembe. "Mimi nimetunza stoo ya hospitali miaka ishirini na sita," akasema. "Daktari mkuu mwenyewe hakupata hata sindano bila karatasi. Umenizunguka siku mbili unatafuta mlinzi."

Nilitaka kucheka na kulia. Siku hizo mbili nilimwona kama mtu wa kuleta chai tu, kwa sababu alisema kompyuta haijui.

Lakini sikutaka kufanya jambo hili nyuma ya mgongo wa Baba. Nilimfuata kibarazani, nikamwomba radhi kwanza, kisha nikamweleza. Ataandika, atafungua, atahifadhi kama kawaida. Kuingiza programu mpya, hapana, mpaka Mama aandike neno lake.

Baba akageukia barabarani. "Kwa hiyo kwenye kompyuta yangu mimi ni mpangaji."

 Mama ndiye aliyemjibu, akiwa mlangoni.

"Hebu mimi nikuulize. Kule kwenye majengo, ufunguo wa saruji alikuwa nao nani?"

"Mtunza stoo."

"Na wewe fundi mkuu, ulikuwa mpangaji?"

Baba akaguna. Hakusema ndiyo, ila hakusema hapana. Tukaweka neno la siri, Mama akiniamuru nigeuke ukutani wakati analiandika. Baba hakunisemesha tena siku ile, hata nilipoaga.

Jumamosi Meneja alikuja na gari, na nikaona amekwisha kukunja viti vya nyuma. Akakagua kila kitu, akatafuta ugonjwa, hakuupata. Hilo halikumfurahisha. Akatoa flashi mfukoni.

"Sawa, lakini huu ulinzi wa bure ni wa kitoto. Naweka wa ofisini." Akabonyeza. Kompyuta ikadai neno la siri. "Dada, andika."

"Si mimi niliye nalo."

"Ni nani?"

"Mimi," akasema Mama. "Hicho ni nini?"

"Ni ulinzi, Mama."

"Hata kile chekundu kilisema ni ulinzi."

"Mama, mimi ni mwanao wa kwanza!"

"Nakujua, nilikuzaa. Chukua kalamu. Andika kinaitwaje, kinatoka wapi, kinafanya nini, na kilichopo kimeshindwa nini."

Meneja aliandika mistari mitatu. Kwenye wa nne akakwama, akaitafuna kalamu, akanitazama mimi kwa hasira kana kwamba ndimi niliyemtunga Mama. "Haya ndiyo mnayofundishwa huko jioni?" Akarudisha flashi mfukoni. Kompyuta ilibaki mezani. Alivirudisha viti vya gari mwenyewe kwa vishindo, akamuaga Mama, akampungia Baba, mimi akanipita.

Iliniuma, sitadanganya. Siku tano za kuhangaika, na kaka yangu hakuniachia hata asante. Nikawa nakusanya daftari langu niondoke.

"Mwanangu," Baba akaita kutoka mezani, bila kugeuka. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu jana. "Nyufa nimezimaliza. Nataka kuanza mapaa. Njoo unionyeshe ukurasa mpya unafunguliwaje."