Unga wa Vidonge Viwili

Mwanangu alimpiga nesi ngumi ya mdomo, damu ikarukia shuka la dada yake. Nesi huyo, mwanamume mwenye mvi za kwanza, ndiye aliyeniletea kiti siku ya kwanza bila kuombwa.

"Umemdunga nini dada yangu?" Akamkaba koo, akamgongesha ukutani. Trei ya sindano ikamwagika.

Kitandani binti yangu alitetemeka hadi meno yakagongana. Asubuhi hakuwa na homa.

Mimi nilijua. Mama wa kitanda cha jirani aliharishwa na dawa kali za kuua vijidudu. Akapewa vidonge vya bakteria wazuri, tumbo likatulia. Binti yangu naye alikuwa akiharisha, nikamwombea vidonge hivyo kwa nesi. Nesi alikataa kwa upole. Alisema bakteria wale wako hai. Yule wanamsaidia, lakini huyu kinga yake imekwisha, na ana mpira ulioingia mshipa mkubwa wa shingoni. Wakipenya hapo, wataingia kwenye damu.

Niliitikia vizuri. Alipotoka, nikaomba vidonge viwili kwa jirani. Binti yangu hawezi kumeza kitu kizima, basi nikavifungua maganda juu ya uji wake. Unga ukanibaki vidoleni. Nikaona kifuniko cha ule mpira wa shingoni kimelegea, nikakikaza kwa vidole hivyohivyo.

Daktari aliingia mbio na walinzi wawili. Mwanangu alinyakua chuma cha dripu, akakiinua juu ya kichwa cha nesi.

"Mwache," nikasema. "Ni mimi."

Akanigeukia, chuma kikiwa juu bado. Nikaeleza yote, hata vidole. Chuma kikashuka kwenye meza kando yangu, bakuli likapasuka, uji ukanirukia usoni. Walinzi wakamwangusha, wakampiga virungu mgongoni. Hakujitetea.

"Msimpige," nesi akasema, mdomo umejaa damu. "Mtoeni tu."

Daktari alisoma jina la bakteria kwenye kopo la vidonge la jirani, akaagiza dawa inayowaua wale bakteria, na mpira utolewe. Nesi akatema jino kwenye pamba, akanawa, akavaa glovu, akautoa taratibu, akimwambia binti yangu apumue.

Siku ya tatu homa ilishuka. Nesi alikuja na mdomo ulioshonwa nyuzi, akanivutia kiti karibu na kitanda. Nilinyoosha mkono kumshika binti yangu.

"Nawa kwanza, mama," akasema.

Nikanawa hadi viwikoni, yeye akinishikia taulo.