Kuku wa Kupona

"Ajiko, leo hakuna chai?" dereva aliita kutoka kwenye foleni ya malori mpakani Malaba.

"Leo mjipikie wenyewe!" Ajiko alijibu akipita mbio, kuku kwapani. Mbio! Kwa mguu uleule uliokuwa karibu kukatwa kwa sababu ya kidonda cha sukari.

Miaka michache iliyopita Oluka, meneja wa kliniki, alisimama kwenye baraza huko Chakol akatabiri kwamba siku zinakuja, kliniki haitalipwa kwa wingi wa wagonjwa, italipwa kwa watu kupona. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nani alipwe kwa kupoteza wateja? Lakini siku hizo zilikuja kweli. Nesi wa kliniki alimfuata Ajiko mpaka kwenye malori, akamsafisha kidonda, akamgombeza kwa kunywa soda. Kidonda kikafunga. Leo wafadhili wanaolipa kliniki wanakuja kuwaona waliopona, na Ajiko anapeleka kuku wa shukrani. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka shingoni.

Kwenye geti la kliniki alimkuta Roselida, mwenzake wa kuuza mahindi ya kuchemsha, amekaa chini, mguu umefungwa leso.

"Mbona huingii?"

"Wameniambia nijaribu ng'ambo, Uganda. Ati kidonda changu kimezidi."

Ajiko alidhani ni utani. Mara Oluka akatokea, meno yote nje.

"Karibu, mama! Kiti chako kiko mbele kabisa."

"Na huyu?"

Oluka akamvuta kando. "Elewa, mama. Tunalipwa kwa wanaopona. Huyu atatushusha marks."

"Kwa hivyo anayeumwa sana ndiye hatakiwi kliniki?"

"Si mimi. Ni system."

"System gani? Mimi nilikuja hapa nikinuka. Ulijua nitapona?"

Gari la wageni lilikuwa linaingia, Oluka akanyoosha mikono haraka apokee kuku, wageni waone.

"Ng'o!" Ajiko akamrudisha kuku kwapani. Akamwinua Roselida, akamwongoza polepole hadi kile kiti cha mbele, akamketisha, leso yenye usaha ikiwatazama wageni wakishuka. Moyo ulimdunda kwa raha ambayo hata siku ya kupona hakuisikia.

"Boss, hata mimi nalipa mtu akipona," alimwambia Oluka kwa sauti ya kuuzia chai. "Huyu akipona, nitakuletea kuku."