Milimita Tatu, Skrubu Nne

Tangu kaka yake azikwe, fundi alikuwa hawezi kukikalia kiti cha marehemu pale karakana. Alifanya kazi wima kutwa nzima, na kila alipozima mashine ya kuchomelea alisikia mtu akikohoa nyuma yake, kikohozi kifupi cha mtu mwenye jambo la kusema. Akigeuka, hakuna kitu ila mabomba yaliyoegemea ukuta.

Mchana ule shemeji yake, mke wa marehemu, aliingia na barua ya ofisi ya hataza, ile inayosajili haki za wavumbuzi. Kiwanda kilichoiga pampu ya fundi na kaka yake kilikuwa kimeshinda shauri. Ubishi wote ulihusu kipande kimoja tu, ulimi mdogo ndani ya bomba, unaofunguka maji yakipanda na kujifunga yakitaka kurudi. Ulimi wa kiwanda ulikuwa wa plastiki, umebanwa kwa pete. Dai la kwanza katika hati ya ndugu hao lilisema: ulimi wa mpira wa tairi, unene wa milimita tatu, uliofungwa kwa skrubu nne. Barua ilieleza kwamba hataza hulinda kile kilichodaiwa tu, na plastiki haikudaiwa.

Mama huyo hakuketi. Alikuwa njiani kwenda kwa wakili aliyeandika hati, akamuumbue mbele ya wateja wake.

"Mume wangu amekufa akimlaani yule mtu," alisema. "Leo atanijua mimi ni nani. Vaa shati, twende."

Fundi alilishika shati, asilivae. Kikohozi kikasikika tena, karibu na sikio.

"Si wakili, shemeji. Ni mimi."

Akamweleza yote, macho yakiwa sakafuni. Kaka yake na wakili walikuwa wamekubaliana maneno ya dai hilo. Kaka akalazwa hospitali, naye fundi akaitwa kutia saini kwa niaba yake. Aliposoma aliona haya. Hapakuwa na kipimo hata kimoja, na pale karakana, kazi isiyo na vipimo walikuwa wakiirudisha kwa mteja. Akashika kalamu, akaongeza mpira wa tairi, milimita tatu na skrubu nne. Wakili alimwonya mara mbili kwamba kila anachokitaja ni mlango; mwizi akibadilisha kimoja tu, amepita. Yeye akajibu kwa kiburi kwamba wao si wababaishaji. Kaka alipotoka hospitali akaona hati, akamshukia wakili bila kumpa nafasi ya kujieleza, na mdogo mtu akanyamaza. Alinyamaza miaka miwili, hadi kaka akazikwa.

Shemeji alikwenda akakaa kwenye kile kiti. Akaweka mkoba mapajani.

"Maneno ya mume wangu unayakumbuka?"

"Nayakumbuka yote."

"Nisomee. Usitie ya kwako."

Fundi akasimama kama mtoto mbele ya mwalimu. "Pampu ya mkono," akaanza, "yenye bomba, na ndani yake ulimi unaonyumbulika, uliofungwa upande mmoja, ili maji yapande yasirudi."

"Na pampu ya kiwanda imo humo?"

"Imo."

"Yote?"

"Yote, shemeji."

Mama akainuka, akaikunja barua mara nne, akaiweka juu ya meza ya kazi.

"Kesho saa hizi nitakuja," alisema. "Utanisomea tena."

Akaja kesho yake, na keshokutwa yake; kila mara akakaa kwenye kile kiti, na fundi akamsomea maneno ya kaka yake.