Mizani ya Kifyatulio

Mahfudh alikuwa amestaafu ukaguzi wa mizani kwa miaka kumi na mmoja, na bado hakuamini kitu ambacho hakijapimwa. Kila Jumamosi alitoka nyumbani kwake Mikindani kwenda kiwanja cha shabaha, si kwa mapenzi ya bastola, bali kwa kuwa tangu mkewe Swabra afariki, hapakuwa na mahali pengine ambapo mtu angemwamkia.

Chama cha walenga shabaha wa pale kilikuwa na sharti moja: kila Januari mwanachama apige risasi kumi na mbili bila kuivuta nyundo ya bastola kwa dole gumba. Kifyatulio, kile kinachovutwa kwa kidole cha shahada, peke yake ndicho kiinue nyundo na kuzungusha silinda. Asiyemaliza, jina lake hufutwa. Mahfudh, mwenye baridi yabisi vidoleni, angechagua moja kati ya bastola tatu za chama: ndogo, ya wastani au kubwa.

Mwalimu wa shabaha, Erastus Nguma, alitia maganda matupu silindani, akamtaka azijaribu zote. Kubwa ilivutika kwa ulaini ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, kama droo iliyopakwa nta. Ya wastani ilikwaruza kidogo katikati. Ndogo ilianza vyema, kisha ikawa nzito ghafla pale ambapo kidole kimekwisha kukunjika, na ukingo wake mwembamba ukauma nyama.

"Chukua kubwa, mzee," Erastus alisema. "Ulipoivuta hukukunja uso."

Mahfudh alimjibu kwamba uso si kipimo. Akatoa mfukoni mizani ya springi, akatia ndoano kwenye kila kifyatulio na kuvuta. Kubwa, kilo tano na nusu. Ya wastani, tano na robo. Ndogo, tano kamili. Akaandika "ndogo" katika fomu, akatia sahihi.

"Mizani haina baridi yabisi, mzee."

"Wala haina upendeleo."

Jaribio lilipoanza, risasi saba zilitoka. Katika ya nane, kidole kilifika pale penye uzito, kikasimama. Akajaribu tena, na tena. Nyuma yake wanachama waligeuza macho. Adabu ya pale ni kutomtazama anayeshindwa. Erastus alikuja karibu, akamuuliza kwa sauti ya chini kama angependa kubadilisha bastola. Mahfudh alimkumbusha kwamba fomu ikishatiwa sahihi haibadilishwi. Kifungu hicho alikipendekeza mwenyewe, miaka mitatu nyuma.

Jumamosi iliyofuata alikuwa amekwisha kuvaa viatu ndipo akakumbuka kwamba jina lake limefutwa. Akavivua. Kisha akatundika mizani kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, akapitisha kidole cha shahada kwenye pete ya mizani, kikiwa kimekunjika kama pale kilipokwama, akavuta hadi maumivu yakamzuia. Kilo nne na robo. Alirudia mara tatu, kama kanuni za ukaguzi zinavyotaka, na jibu halikubadilika.

Aliliandika kwenye karatasi kwa mpangilio wa zamani wa ofisini: tarehe, kifaa, kipimo, sahihi ya mkaguzi. Mstari wa mwisho ulikuwa wa sahihi ya shahidi. Aliuacha wazi.