Mamzeli Ashindwe Kwanza

Kosa lilikuwa la Mukandori, na mwenyewe alilijua, ndiyo maana asubuhi ile alizisugua bandeji kana kwamba zimemtukana.

Alikuwa mfuaji wa nguo katika zahanati ya misheni, kwenye vilima vya juu ya Nyabiondo, mwaka wa 1953. Muuguzi alikuwa Mwingereza, Mamzeli Winifred, kwa watu wote Mamzeli Wini. Kila Jumapili alasiri Mukandori alimkaribisha kwake, na huku wakimenya maharage walitegeana vitendawili. Kwenye vilima vile aliyeshindwa hakutoa mji, alitoa mlima, maana milima ndiyo iliyojaa. Husema, "Chukua mlima fulani," mtegaji akiridhika anatoa jibu, na mchezo unaendelea bila aibu kwa yeyote. Lakini mgeni ni mgeni, jamani! Mgeni atashindwaje nyumbani kwa mtu? Watu wa nyumba walipomtegea, "Nyumba yangu haina mlango," Mamzeli akajibu kwa furaha, "Gereza!" Gereza, lenye mlango wa chuma! Wakampigia makofi. Yai halikutajwa. Wakaendelea hivyo mwaka mzima, kila upuuzi kwa makofi yake.

Sasa barua ya wakuu wa misheni ilikuwa imefika. Baada ya majuma matano Mamzeli angefanya mtihani wa Kiswahili, na akianguka angerudishwa kwao Ulaya.

"Mimi sina hofu," alimwambia Mukandori. "Kiswahili nimekula chote."

Mukandori akaacha kusugua. Binti yake Epiphanie alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikwisha kuzika watoto wawili, wote walikaa vibaya tumboni, na huyu wa tatu naye alikuwa amelala kingamo. Kila Alhamisi Mamzeli alimgeuza taratibu kwa mikono yake. Mikono hiyo ikiondoka, nani mwingine? Mpaka hospitali ya Goma ni mbali, na mimba haingoji.

Basi akaitupa bandeji kwenye beseni, akamvutia kigoda. "Mamzeli, ikala chini. Tulikudanganya."

Akamweleza yote, gereza na mengine. Mamzeli akawa mwekundu, halafu mweupe, halafu akalia. Akasema kwa lugha yake jambo ambalo Mukandori alilisikia kama "givapu", akaanza kufunga daftari lake.

"Hiyo iko nini, givapu?"

Mamzeli akaeleza huku akipenga kamasi. Ni kuacha. Mtu akiacha tumbako, ni hilo. Akikata tamaa, ni hilo. Mwizi akijisalimisha kwa polisi, hilo hilo. Kijana akimwachia mzee kiti, hilo pia.

"Ee Mungu wangu!" Mukandori akapiga paja. "Neno moja munalibebesha mizigo yote ile? Hata punda analalamika! Sasa wewe unataka kufanya ya namna gani? Ya tumbako ao ya kukata tamaa?"

Mamzeli akacheka bila kutaka.

"Sikia," Mukandori akasema. "Tangu leo hakuna makofi. Ukikosa, nitakwambia umekosa. Na ukishindwa, utoe mlima kama mutoto wa nyumba."

Majuma matano yalikuwa ya taabu. Mamzeli alitoa milima yote ya Masisi, akahamia ya Walikale, akaimaliza, ikabidi aazime ya Rwanda. Lakini kila mlima ulimwachia neno moja kichwani, naye akazoea kusema "sijui" bila kufa.

Siku ya mtihani wakaja watahini wawili: pasta mzee wa Kizungu aliyesinzia, na mwalimu Straton, mtu wa kola ngumu, aliyejivunia kwamba alisoma Kiswahili cha pwani. Mukandori alipiga pasi nje ya dirisha. Shuka moja aliipiga pasi mara nne.

Mamzeli alikwenda vizuri, mpaka Straton alipokunja uso.

"Mtu amekataa chakula kwa hasira, amekisogeza kando, hataki hata kubembelezwa. Amefanya nini?"

Mamzeli akalitafuta neno. Pasta akafumbua jicho moja. Mukandori alilijua neno, kususa, lilikuwa limemjaa mdomoni, na pasi ikaanza kunuka moto juu ya shuka. Sema kitu, Mamzeli!

"Papa Straton," Mamzeli akasema, "nimeshindwa. Nikupe mlima upi?"

Straton akashtuka. Kisha kola yake ikaanza kutikisika kwa kicheko alichokizuia. Tangu utotoni kwa bibi yake hakuna aliyempa mlima.

"Nipe huu," akasema akijikaza. "Huu wenye zahanati."

"Hapana. Huu siutoi."

"Mchezo ndivyo ulivyo, Mamzeli."

"Chukua mwingine, chukua kumi. Kwenye huu kuna wanawake wenye mimba wananingojea. Huu nitakufa nao."

Aliyasema hayo pasipo kutafuta hata neno moja. Straton akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akamgeukia pasta. "Papa Pasta, mimi sina swali tena." Pasta akatia sahihi.

Mukandori hakungoja chai. Aliacha shuka na alama yake ya kuungua, akateremka mbio mpaka shamba la maharage, kilemba mkononi. Epiphanie alimwona akija, akaegemea jembe.

"Anaenda?"

"Anabaki!"

Tangu mimba hii ishike, Epiphanie hakuwa ametaja jina la mtoto wala nguo yake, na aliyejaribu kumtajia alinyamazishwa. Sasa alikaa palepale kwenye tuta, miguu mbele, mikono juu ya tumbo, akicheka huku machozi yakimtiririka.

"Mama," akasema, "kesho ni soko. Uninunulie kitenge cha kumubebea."